Mcheza Ng'ombe wa Qurayyat

10 Mei

Chuo kinanitaka niandike shajara ya kazi, na nitaiandika, ina safu zake na vichwa vyake. Hii ni yangu. Nimeinunua leo njiani nikirudi kwangu Al Khoudh, kwa sababu nimempata mtu niliyekuwa nikimtafuta miaka, na furaha hii haiingii kwenye safu.

Anaitwa Suud bin Khalfan. Umri wake unakaribia themanini, anakaa Qurayyat, mwendo wa saa moja kutoka Maskati, nyuma ya mashamba ya mitende, yeye na mkewe, Bi Mahbuba. Ujanani mwake Pemba alikuwa mcheza ng'ombe. Si wa kutazama, wa kuingia uwanjani, akitikisa kitambaa mbele ya pembe huku zumari inalia na wanawake wanaimba matusi kutoka kilimani. Kila mzee wa Kipemba niliyemrekodi hapa Maskati anasema aliuona mchezo ule. Huyu ndiye wa kwanza aliyeucheza, na nadhani ndiye wa mwisho.

Nilimwita Ami Suud, naye akaniita binti yangu, tukawa jamaa kabla kahawa haijapoa.

17 Mei

Kikao cha kwanza. Pauline, fundi wangu wa sauti, Mkenya wa Nakuru, kafunga maikrofoni barazani, lakini Ami Suud hakutaka kukaa. Alisimulia wima, bakora mkononi, na Pauline akawa anamfuata na maikrofoni kama mwari anamfuata kungwi.

"Palikuwa na ng'ombe akiitwa Radi," alisema. "Radi alimtoa Hamadi matumbo mbele ya mamaake. Alikuwa swahiba yangu, nimekula naye asubuhi ile. Sisi tukaendelea kucheza. Ukisimama, ng'ombe ndiye kashinda." Akapandisha kanzu akanionyesha kovu pajani, refu kama kiganja. "Na hili lake pia. Nimelipwa kwa kigelegele."

Bi Mahbuba alileta kahawa na tende mbichi za kwanza za msimu. Akasimama mlangoni mpaka mumewe alipoinua ncha ya bakora, akarudi ndani.

24 Mei

Joto. Nyimbo nne mpya. Siku njema.

7 Juni, Eid pili

Naandika kabla sijalala.

Ami Suud alinialika kuchinja. Mwanawe Marhoon, anayefanya kazi wizarani, alileta ng'ombe mwekundu kwa gari. Wakati wa kumteremsha uani, kamba ikakatika. Wanaume wakapanda kuta kama paka. Jirani mmoja hakuwahi. Ng'ombe alimbana kwenye mlango wa chuma, nikazisikia mbavu zake. Hapo Ami Suud akashuka barazani. Mkewe alikuwa kasimama mlango wa jikoni. Mzee akamvua kanga kichwani kwa mkupuo mmoja, akaenda nayo katikati ya ua.

Sijapata kuona kitu kama kile. Mzee wa umri ule! Kanga ilipepea, pembe zikapita karibu na kiuno chake, akageuka kwa kisigino, zikapita tena. Alikuwa akimsemesha yule ng'ombe kwa Kipemba cha ndani kabisa, akimtukania ukoo wake wote. Mpaka mnyama akachoka, akasimama anahema, mate yanamchuruzika. Ami Suud akampiga bakora baina ya macho. Ng'ombe akapiga magoti. Wanaume wakamrukia na kamba na kisu. Damu ilifika viatuni mwangu. Nilikuwa napiga makofi, na machozi yananitoka.

Jirani kapelekwa hospitali. Kanga ilichanika. Bi Mahbuba alibaki pale mlangoni kaweka mikono juu ya mvi zake, mbele ya wanaume wote, na hakuna aliyempa kitu cha kujifunika. Hilo nimeliona sasa hivi, kwenye video ya Pauline.

14 Juni

Garini, tukirudi:

"Daktari, mkono wa yule mama umeuona?" Pauline aliuliza.

"Kaungua jikoni. Kaniambia mwenyewe."

"Kuungua hakuachi alama za vidole."

Nikamwambia ngozi za wazee ni nyepesi, hata ukimshika kumsaidia apande ngazi inavilia. Akasema, "Sawa," akavaa hedifoni zake na hakuzivua mpaka Al Khoudh.

21 Juni

Nilimwomba Ami Suud anionyeshe miguu: namna ya kuingia, namna ya kupisha, namna ya kutoka. Maneno hayatoshi kwa mambo ya mwili. Tukaweka kamera uani, penye kivuli.

"Na ng'ombe yuko wapi?" akauliza, anacheka. Kisha akaita, "Mahbuba! Njoo uwe ng'ombe."

Nami nilicheka. Bi Mahbuba akatoka anajifuta mikono. Hakuuliza kitu. Akaweka vidole viwili kwenye paji la uso, vikawa pembe, kabla hajaambiwa aviweke wapi.

"Inamisha kichwa. Ng'ombe hanitazami machoni."

Akainama. Ami Suud akamzunguka, kitambaa kinampiga mashavuni, miguu yake myepesi kama ya kijana, huku ananieleza kama mwalimu. "Hapa unamwamsha." Akamchoma bakora ubavuni. Haikuwa mzaha, nilisikia pumzi inamtoka. "Hapa unampinda shingo." Ikamshukia shingoni. "Na hapa unamwondoa miguu." Ikampiga nyuma ya magoti, akaanguka kwa viganja kwenye saruji. "Wanawake sasa wanapiga vigelegele," akasema, akanitazama, ananingojea.

Sikupiga kigelegele. Lakini kamera sikuizima.

Pauline ndiye aliyekwenda kumwinua. "Mzee," akasema, "hiyo si mchezo."

Ami Suud akatabasamu. "Huyu Mkenya wako hajui ngoma zetu, binti yangu."

22 Juni

Pauline kapiga simu asubuhi. "Mimi huko sirudi. Tafuta mtu mwingine."

Nikamwambia kwamba hakuna Suud wa pili, kwamba akifa leo, mchezo mzima unafukiwa naye.

"Na mama akifa kwanza?"

Nikasema tutazungumza. Nimetazama picha za jana mara tatu. Zinaonyesha kila kitu, kila hatua. Kwenye shajara ya chuo nimeandika: nyenzo bora kuliko zote mpaka sasa. Kisha nimeingia kuoga na nimekaa chini ya maji mpaka yakaisha tangini.

28 Juni

Nimekwenda peke yangu. Nimeandika majina ya rangi za ng'ombe, mengi sijapata kuyasikia. Bi Mahbuba hakutoka chumbani. "Homa," kasema Ami Suud.

5 Julai

Upepo wa gharbi, moto kama mdomo wa tanuri. Ami Suud alilala baada ya chakula. Nilikwenda jikoni, nikamkuta Bi Mahbuba anatoa kokwa kwenye tende. Mdomo wa juu umevimba.

"Ami kakupiga?"

"Unauliza leo?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemuuliza mgeni kama kachelewa njiani.

Nikachukua sinia nikakaa chini, tukatoa kokwa pamoja.

"Mara ya kwanza hina haijanitoka mikononi," alisema. "Nikasema, wanaume wako hivyo, atatulia. Kisha yakaja mapinduzi. Wakamchukua, wakamburuta kwa miguu njia nzima, wakampiga mpaka akajikojolea, na mimi nipo pale nnatazama. Nilimuuguza miezi. Nikawa nnajiambia, sasa atanihurumia, keshajua maumivu yalivyo. Siku aliyosimama akanipiga kuliko siku zote. Nikamuuliza, nimekukosea nini? Akanambia, wewe uliniona."

Akatupa kokwa sahanini, akachukua tende nyingine.

"Watu wanamwona shujaa wa ng'ombe," akasema. "Na kweli alikuwa. Sitosema uongo. Mimi nilimpendea huko huko uwanjani."

Nikamuuliza kama Marhoon anajua.

"Marhoon kazaliwa humu ndani."

"Unataka nini, Bi Mahbuba?"

"Nnataka kwenda kwa Rawan." Rawan ni bintiye, kaolewa Sohar. "Nimechoka kuanguka, mwanangu. Mifupa imekuwa ya kuku. Lakini usimwambie mtu halafu ukenda zako. Ukisema halafu ukaondoka, mimi ndiye ntakayebaki naye."

12 Julai

Rawan kalia kwenye simu, kisha kasema chumba kiko tayari tangu aolewe. Nimemweleza Pauline kila kitu, na nimemwambia alikuwa sahihi. Hakutaka kulisikia hilo. "Yalla, lini?" ndilo alilouliza.

Tutamwambia Ami Suud tunampeleka Bi Mahbuba studio ya Maskati kuimba nyimbo za wanawake. Jumamosi ijayo.

21 Julai

Mkono wa kushoto umevunjika, umo kwenye plasta. Wa kulia mzima, kwa hiyo naandika.

Juzi tulifika asubuhi. Ami Suud alikuwa na furaha. "Mnataka nyimbo kwa Mahbuba? Ana sauti ya kunguru," akasema, akatukaribisha kahawa. Hata alimwimbisha palepale barazani tumsikie, na Bi Mahbuba akaimba, macho chini:

*Kijana kaja na kilemba, kaja na kanzu ya harusi,*
*Ng'ombe kamtaja jina, kajificha kwa mamaye.*

Ami Suud akacheka mpaka akakohoa. Pauline akaanza kukusanya vyombo. Tulikuwa tumebakisha ua tu na lango.

Bi Mahbuba alitoka na abaya yake na mkoba mdogo, na mkononi mfuko wa nailoni. Ami Suud akautazama ule mfuko. Akaufunua kwa ncha ya bakora.

"Nyimbo zinaimbwa kwa dawa za presha siku hizi?"

Nilikuwa na uongo tayari: siku ndefu, tutachelewa, daktari kasema asiache dozi. Nilifungua mdomo. Bi Mahbuba akanitangulia.

"Nnakwenda kwa mwanangu," akasema. "Sirudi."

Bakora ilimpata tayani. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama kikombe kinachokanyagwa. Akaenda chini upande, vidonge vikatawanyika. Ami Suud akaiinua tena, nami nikaweka mkono wangu. Maumivu sikuyasikia mara moja. Nilichosikia ni kwamba mkono haunifuati tena.

Ninataka kuandika hili sawasawa kwa sababu nitaulizwa. Hakuwa na ghadhabu. Hakupiga kelele. Alikuwa akicheza. Visigino vilevile, mzunguko uleule, kanzu kaishika kwa mkono wa pili, na ile sauti aliyomsemeshea ng'ombe wa Eid: "Hebu njoo. Njoo, mwana wa asiyejulikana. Njoo kwa Suud." Alinipiga begani, akanipisha, akarudi kwa mkewe akampiga mgongoni pale chini alipo. Nilimlalia Bi Mahbuba. Nilipigwa mara ngapi sijui. Nilikuwa nanusa damu yake na iliki ya kahawa, na nilifikiri kwamba tutafia hapa, na kwamba huyu mtu nimemrekodi kwa saa nyingi sana.

Kisha ikaja sauti ya chuma. Pauline alikuwa na stendi ya maikrofoni. Alimpiga mkononi, bakora ikaruka. Ami Suud akamwendea mikono mitupu, bado anacheza, na Pauline akampiga gotini, akaanguka. Pauline akasimama juu yake, kainua chuma mara ya tatu, usoni pake hakuna kitu kabisa. Nikapiga ukelele kwa jina lake. Akateremsha, akakitupa, akaanza kutapika ukutani.

Hapo ndipo Marhoon akaingia na mikate ya mchana. Alimwona mama yake na damu, alimwona baba yake chini. Alikwenda kwa baba yake.

"Mkenya kaniua," alisema Ami Suud.

Pauline alijifuta mdomo akapiga simu polisi mwenyewe.

26 Julai

Bi Mahbuba yuko hospitali, taya kafungwa kwa waya. Rawan analala kwenye kiti pembeni yake. Ami Suud ana vidole viwili vilivyovunjika na goti bovu. Kamshitaki Pauline kwa kumshambulia mzee nyumbani kwake, na pasi ya Pauline imezuiliwa.

Marhoon aliniomba tuonane mahali pasipo watu. Tulikutana Qantab, tukaegesha magari pale wavuvi wanapovutia mashua zao. Alikuwa na adabu kama kawaida. Kwa miezi yote hii nimekuwa nikimwona mtu mstaarabu anayemheshimu baba yake.

"Mama atasamehe," alisema. "Mtu akisamehe, kesi ya nyumbani inakwisha. Baba naye ataondoa yake dhidi ya Pauline, hatofukuzwa nchini. Na wewe, Dokta Muhsina, utamalizia kazi yako. Baba kasema ataendelea kusimulia."

"Mama kakwambia atasamehe?"

"Mama hawezi kusema."

"Basi umejuaje?"

Alitazama bahari. "Wewe unataka nini hasa?" aliniuliza. "Mwezi wa sita ulikuwa unamrekodi akimpiga. Nimeiona ile video, baba alinionyesha nakala uliyompa, anajivunia. Leo umekuwa mtetezi?"

Nikamwambia hapo kasema kweli. Nikawasha gari, na kwa mkono mmoja sikuweza kugeuza, ikabidi yeye ateremke anielekeze nyuma, kama askari wa barabarani, na machozi yanamtoka.

27 Julai

Nilimwuliza Pauline anasemaje, maana ni maisha yake.

"Usiniweke kwa hesabu yenu," kasema. "Nilimgonga. Wakiniuliza, nitasema nilimgonga. Wakinirudisha Nakuru, Nakuru ni kwetu, si jela. Lakini mama asisamehe kwa ajili yangu. Mwambie hivyo, Daktari. Umwambie vile nimesema."

Nimemwambia Bi Mahbuba neno kwa neno. Alinishika kidole.

3 Agosti

Mkuu wa idara kaniuliza kwa upole kama uzinduzi wa rekodi hizi mwezi wa Oktoba utakuwapo. Nimesema hautakuwapo. Hakuna rekodi ya kuwafungulia wageni nikiwa sijui mwisho wake.

19 Agosti

Leo ilikuwa kwa mwendesha mashtaka. Ukumbi mdogo, kiyoyozi kikali. Ami Suud kwenye kiti cha magurudumu, kanzu nyeupe pe, kilemba kimefungwa vizuri kuliko cha mtu yeyote mle ndani. Alinisalimu. Nikamwitikia, mdomo umezoea.

Afisa alianza na mimi. Aliuliza lini nilijua.

"Tarehe ishirini na moja Juni niliona kwa macho yangu."

"Ukamwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

Akaandika. Kalamu yake ilikuwa na kelele.

Kisha akamgeukia Bi Mahbuba, akamuuliza kwa Kiarabu kama anamsamehe mumewe, kwani akisamehe mambo yataishia hapa. Bi Mahbuba Kiarabu anakijua, lakini kwa taya lile maneno yalitoka kama uji, na afisa hakuelewa. Alijaribu mara mbili. Kisha akaacha, akasema kwa Kiswahili, polepole, kwa meno yaliyofungwa. Sisi wa Kiswahili tulimsikia. Mkalimani aliyeitwa hakufika.

"Kasema nini?" afisa aliuliza.

Nikatafsiri, na sauti yangu ilikuwa imara kuliko nilivyotegemea. "Anasema: Simsamehi. Nimemsamehe tangu nna nywele nyeusi. Sitaki arudi nilipo mimi mpaka nife. Na huyu Mkenya aliinua chuma kwa sababu hapakuwa na mwanamume wa kuinua mkono."

Afisa akakunja uso. "Wewe ni shahidi katika kesi hii. Siwezi kuchukua tafsiri yako peke yako." Akamtazama Marhoon. "Wewe mwanawe. Ndivyo alivyosema mama yako?"

Ami Suud hakugeuza kichwa. Aligonga tu ncha ya bakora mpya sakafuni, taratibu, mara moja, na nilimwona Marhoon, mtu wa miaka arobaini na tano, anaruka kwenye kiti kama mtoto.

Ilikuwa rahisi mno. Neno moja la Kiarabu, kasamehe, na wangekwenda nyumbani wote watatu. Rawan alikuwa kamshika mama yake bega. Pauline alikuwa anatazama sakafu.

"Ndivyo alivyosema," Marhoon akasema.

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno. Na la mwisho kanisema mimi." Akasimama. Sijui kwa nini alisimama, hakuna aliyemwambia. "Andika na langu. Nilikuwa darasa la kwanza nilipomwona baba kwa mara ya kwanza akimfanya mama ng'ombe. Alinifundisha mimi kupiga vigelegele."

Ami Suud akamwita jina lake. Marhoon hakugeuka. Aliendelea kusema, na afisa aliandika mpaka akabadilisha kalamu.

2 Septemba

Kesi ya Pauline imefutwa. Pasi karudishiwa mkononi. Ya Ami Suud inakwenda mahakamani, na amekatazwa kumkaribia mkewe. Pauline kaninunulia shawarma, kasema nimekonda. Kazi nyingine atafanya nami, kasema, lakini safari hii yeye ndiye atakayesema lini kamera inazimwa. Nimekubali.

20 Septemba, Sohar

Waya umetolewa. Bi Mahbuba anasema vizuri, ila anachoka upesi. Kaniruhusu kumsomea maandishi nitakayoambatanisha na rekodi, kwani nimeamua hazifutwi na hazitolewi bila maandishi hayo.

Nikasoma: "Suud bin Khalfan, mzaliwa wa Pemba, mcheza ng'ombe. Simulizi zake za mchezo ni kamili kuliko zote zilizorekodiwa. Kwa zaidi ya miaka sitini alimpiga mkewe, na katika rekodi ya tarehe 21 Juni anampiga mbele ya mtafiti, ambaye hakuzuia."

Rawan alikuwa analia kimyakimya. Nikamuuliza Bi Mahbuba kama pana neno la kuondoa.

"La kuondoa hapana," akasema. Akafikiri. "Mkewe ni nani?"

"Vipi?"

"Umeandika *mkewe*. Mtu wa miaka hamsini ijayo anasoma, atajua ni nani? Yeye umemwandika jina, na baba yake, na kwao." Akajisogeza kwenye mto, akaivuta abaya vizuri mabegani. "Nami nna jina. Haya, andika. Mahbuba binti Ghalib. Mzaliwa wa Pujini. Vaa hiyo hedifoni yako, kisha nikuimbie zile nyimbo, kwa sababu nazijua zote, na siku ile nilikuimbia moja tu."